Kisanduku cha Saba cha Fomu ya Mkutano

Ukurasa ulipofunguka kwenye ule ukuta mweupe, niliona nywele. Nywele za mwanamke, nyeusi, ndefu mpaka kiunoni, na chini yake chupa tatu za mafuta na maandishi ya lugha nisiyoijua, si Kiswahili wala Kiingereza, herufi zenye vidoti juu. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukumbi mzima Dar es Salaam, kipaza sauti mkononi, baada ya kukaa kwenye basi siku nzima kutoka Tunduma ili niwaonyeshe watu kazi yangu ya miaka minane. Nikamwambia dada aliyeshika kompyuta, "Samahani mdogo wangu, fungua tena." Akafungua tena. Nywele.

"Mama, labda umekosea anwani ya blogu," alisema Jackline Temu. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa mkutano, amekaa meza ya mbele na kitambulisho chake shingoni.

"Anwani hiyo naiandika kila siku," nikasema.

"Sawa. Basi tumpe nafasi mzungumzaji anayefuata, Mama Neema atafute vizuri, atatutafuta baadaye."

Ukumbi ukapiga makofi. Mpaka leo sijui walipiga makofi kwa ajili ya nini.

Mwaka huu nimefunga ofisi. Sitengenezi tena kurasa za intaneti, sitengenezi blogu, sichapi hata kadi ya harusi. Ninyi wenzangu mliobaki Tunduma na Vwawa mmeniambia niandike nilivyofanya kazi hii, kwa sababu mnasema mimi nilianza kabla yenu. Naandika. Nani alinisifu na nilipandaje, hayo siyaandiki, hayana faida kwa mtu. Nitaandika nilivyojifunza na nilivyoharibikiwa, na nitataja watu kwa majina. Wao walinitaja kwa jina langu pale ukumbini, tena kwa kipaza sauti.

Mimi ni wa kijiji cha Ihanda. Nilimaliza darasa la saba nikaishia hapo. Baba alikuwa na kahawa, lakini watoto tulikuwa wengi na mimi nilikuwa wa kike. Nikaletwa Tunduma kwa shangazi, wakati ule biashara imefunguliwa na kila mtu anavuka na kitu kichwani, vitenge, sabuni, betri, sukari. Shangazi alinipeleka kwa Mzee Sinkala, Mnamwanga mmoja mrefu mwenye meza mbili na taipureta mbili karibu na geti la mpaka. Aliwachapia mawakala wa forodha fomu zao za mizigo.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa mashine. Alinipa fomu iliyojazwa akasema, "Tafuta kosa, binti." Nikatafuta asubuhi yote. Nikamwonyesha neno lililokosewa herufi. Akasema hilo si kosa. Nikamwonyesha tarehe iliyofutwafutwa. Akasema hata hilo si kosa. Mwisho akaweka kidole chake kwenye kisanduku kimoja katikati ya karatasi, kilikuwa kitupu.

"Unaona lori lile la bluu?" akasema. "Liko pale siku ya tatu. Dereva anaoga kwa ndoo kwa sababu ya hiki."

Sheria yake ilikuwa moja. Una kitu, andika. Huna, piga mstari. Patupu usiache, kwa sababu afisa akikuta patupu anakurudisha mwisho wa foleni, na huwezi kumlaumu, kazi yake ni visanduku. Nilikaa na Mzee Sinkala mpaka alipozeeka akarudi kwao Momba. Kiingereza changu chote nilikitoa kwenye zile fomu. Najua Kiingereza cha uzito, cha idadi na cha nchi bidhaa ilikotoka. Mtu akinisalimia kwa Kiingereza nababaika.

Kompyuta ilinikuta tayari nina Neema, binti yangu. Mtu mmoja wa Mbeya alifungua chumba cha intaneti jirani na stendi, mashine nne, tatu zinafanya kazi, nami nikawa nakwenda kuchapa huko kwa sababu utepe wa taipureta ulikuwa umeanza kuadimika. Siku moja nikabonyeza kitufe cha kipanya upande ambao sikuuzoea, ikatokea orodha, nikachagua neno mojawapo, na ukurasa niliokuwa nausoma ukageuka ukanionyesha tumbo lake. Maneno, alama, mabano. Nikaogopa, nikadhani nimeharibu mashine ya watu. Kisha nikaona jedwali. Safu, mstari, kisanduku. Jedwali ndani ya jedwali. Nikasema, kumbe hii ni fomu ya forodha.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, na simfichi mtu. Sikusoma popote. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa wa nyumba ya wageni. Mwenyewe alitaka picha ya tai juu kabisa. Gesti haikuwa na uhusiano wowote na tai, jina lake lilikuwa la bibi yake. Nikaweka tai. Ninyi vijana mtaambiwa kwenye mikutano kwamba mteja asikilizwe lakini aongozwe. Mimi mteja wa kuongozwa sijamwona bado.

Vumbi la Tunduma mnalijua. Kila kazi niliihifadhi kwenye disketi tatu, moja dukani, moja nyumbani, moja kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko. Umeme ukikatika nilikuwa nimeshahifadhi. Nalisema hili kwa sababu mtakuja kuniuliza, mama, wewe uliyekuwa mwangalifu hivyo ilikuwaje. Ngojeni.

Mkutano wa kwanza nilialikwa kwa barua pepe. Sikujua jina langu wamelitoa wapi, na bado sijui. Ilikuwa mkutano wa wabunifu wa tovuti na wanablogu, Dar, siku mbili. Nikapanda basi alfajiri, nikafika nimevimba miguu. Mlangoni wakanipa mfuko wa nguo wenye kalamu, fulana ya saizi ya mtoto na kitambulisho cha kuning'iniza. Kwenye kitambulisho waliandika jina langu na chini yake "Mbunifu". Nilikitazama kwa muda. Tunduma nilikuwa naitwa mama wa fomu.

Niwaambie ukweli, sikuelewa kitu. Watu walikuwa wanapiga picha maandishi ya ukutani badala ya kuyasoma. Mtu anaongea mbele, na waliokaa wanacheka kwa pamoja, kumbe wanachekea kitu walichoandikiana kwenye simu. Msemaji mmoja akasema, "Anayetumia jedwali kupanga ukurasa anyooshe mkono tumsaidie." Nikanyoosha. Nilidhani kweli wanatoa msaada. Walicheka mpaka mmoja akafuta machozi.

"Mama, jedwali lilishakufa," akaniambia.

"Lilikufa lini?"

"Zamani sana, mama."

"Mbona kurasa zangu zinafunguka?"

Hilo nalo wakalichekea. Mchana nikala wali nimekaa na mhudumu wa ukumbi, mama wa Kilosa, ndiye pekee aliyeniuliza nimetoka wapi.

Hapo ndipo nilipokutana na Erasto Mwakalinga. Ndiye aliyekuwa anaendesha mafunzo ya vitendo na kusimamia usajili. Mtu wa Mbeya, wa kwetu kabisa, kwa hiyo nilimwamini haraka. Ananiita shangazi. Alitugawia vikaratasi vya rangi vyenye gundi akasema kila mmoja abuni mtumiaji wake: jina, umri, anaishi wapi, anataka nini kwenye tovuti yako.

"Nimbuni kwa nini?" nikamuuliza. "Ninaye. Anakuja kila Jumatatu."

"Shangazi, ni zoezi tu. Buni."

"Huyu wangu anatoka Hasamba. Anaitwa Mama Ezekia. Hajui kusoma. Anataka kumwona mtoto wake."

Erasto akakichukua kikaratasi changu, akakisoma, akakibandika pembeni peke yake. Wengine wote walikuwa wamebuni vijana wa miaka ishirini na tano wanaopenda muziki. Akasema wangu ni "mtumiaji asiye wa kawaida". Kwangu mimi wa kawaida ndio hao.

Na Erasto huyohuyo ndiye aliyeniambia habari ya disketi. Nilimsimulia kopo langu la maziwa, akacheka kwa upole, si kama wale. "Shangazi, ukishaweka blogu, vitu vyako viko hewani. Haviozi, havipotei, hata duka likiungua. Achana na makopo." Nikaachana na makopo. Andikeni hilo mahali: Erasto Mwakalinga alisema havipotei.

Nilikwenda kwenye mikutano hiyo mara tano. Kila mara nilirudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda, na kila mara nilitaka kwenda tena. Neema aliniuliza, mama unatafuta nini huko. Labda kitambulisho. Labda nilikuwa nasubiri siku nitakayosikiliza mazungumzo yote mwanzo mpaka mwisho nikasema, haya, sasa nimeshika.

Sasa niseme blogu yenyewe ilikuwa nini. Zamani ilikuwa ubao. Nje ya duka langu niliweka ubao wa plaiwudi, na watu walikuwa wanakuja kubandika: mume wangu alivuka na lori la saruji hajarudi, mdogo wetu alikwenda Zambia kufanya kazi hatujamsikia, aliyemwona atoe taarifa hapa. Madereva wakiwa kwenye foleni walisoma, kwa sababu foleni ya Tunduma inampa mtu muda wa kusoma kila kitu. Mvua ikawa inaharibu karatasi. Nikahamishia kwenye blogu, nikaiita Nani Kamwona. Picha, jina, alama ya mwilini, siku ya mwisho kuonekana. Chini yake mtu yeyote anaandika maoni. Visanduku vyote nilivijaza. Asiyejua umri wa ndugu yake tulipiga mstari.

Kila Jumatatu nilichapa maoni yote ya wiki kwenye karatasi, kwa sababu wenyewe hawana kompyuta. Walikuja kutoka vijiji vya Isansa, Ihanda, Hasamba, wengine wafugaji kutoka bondeni, wanakaa kwenye benchi, nawasomea. Siku nyingi hakuna kitu. Wakati mwingine matusi, maana intaneti nayo ina watu wake. Lakini watu kadhaa walipatikana. Mmoja alipatikana Mbozi kwa mke mwingine, na aliyekuwa anamtafuta akanilaumu mimi.

Mama Ezekia alikuwa anakuja miaka sita. Mjane, ana kahawa kidogo na migomba. Mwanawe Ezekia alivuka kama utingo wa lori, amekwisha kuwa mtu mzima, ana kovu kwenye nyusi ya kushoto la kuangukia jembe. Picha aliyoniletea ilikuwa moja tu, ya kipaimara, nami niliipitisha kwenye skana nikamrudishia, ikaja kuliwa na mchwa ndani ya biblia. Kwa hiyo iliyobaki ilikuwa ile ya kwenye blogu.

"Leo ameandika mtu?" alikuwa ananiuliza kabla hajakaa.

"Bado, mama."

"Hiyo kompyuta inamjua lakini?"

"Inamjua."

"Basi nifungulie nione sura." Namfungulia. Anatazama kidogo, anasema, "Funga sasa, asichoke." Anaondoka.

Mwaka ule wa mwisho Jackline Temu alinipigia simu mwenyewe. Akasema safari hii hawataki nije kusikiliza, wanataka nizungumze, dakika ishirini, juu ya blogu ya mpakani. Nikakubali. Neema akanisaidia kupanga maneno. Nilipanga nifungue ukurasa wa Mama Ezekia, nisome maoni, niwaambie wale wa vikaratasi vya rangi: mtumiaji wangu ndiye huyu.

Alhamisi kabla ya safari, nikiwa nimeshakata tiketi, yakaingia maoni chini ya picha ya Ezekia. Kiswahili cha watu wa ng'ambo, kimechanganyika na Kibemba. Yalianza kwa salamu, "Muli shani mukwai." Yakasema huyu mwenye kovu nimemwona mwezi huu, anafanya kazi kwenye kinu cha kusaga, pale wanamwita kwa jina lingine. Likaandikwa jina hilo lingine. Ukaandikwa mji na mtaa. Ikaandikwa namba ya mwenye duka linalotazamana na kinu. Mwisho: mimi Sunday Banda, dereva.

Nilisoma mara moja. Nikatoka nje nikashika nguzo ya baraza. Mawakala wakanipita wakaniuliza, mama vipi, malaria? Nikasema hapana, jua.

Sasa hapa ndipo mtanihukumu, hukumuni. Simu ya Mama Ezekia nilikuwa nayo. Sikumpigia. Kwetu habari ya mtu haipigwi simu, iwe ya kufa iwe ya kupatikana. Unamchukua mtu wa ukoo, mnakwenda mpaka nyumbani, mnaketi, mnasalimiana mpaka salamu ziishe, mnakunywa mlicholetewa, ndipo mkubwa anatoa neno. Mama akipokea habari kama hiyo peke yake katikati ya kahawa, akianguka, nani atamwinua? Baba mdogo wa Ezekia, Mzee Asheri, alikuwa kwa binti yake Mbalizi, anarudi Jumanne. Nikahesabu: Jumapili nazungumza, Jumatatu niko njiani, Jumanne namchukua Mzee Asheri tunakwenda Hasamba. Miaka sita imepita, siku tano ni nini. Na kuchapa, siku yake ni Jumatatu, safari hii nitachapa Jumanne asubuhi kabla hatujaondoka. Viko hewani.

Jumamosi asubuhi nikafika ukumbini. Mezani kwa Erasto kulikuwa na karatasi ndefu ya usajili, kila mtu na mstari wake, visanduku saba. Jina. Simu. Barua pepe. Mji. Anwani ya blogu. Jina la kuingilia. Cha saba, neno la siri, na kwenye mabano, kwa ajili ya mafunzo ya vitendo.

Watu waliokuwa juu yangu walikuwa wameishia kisanduku cha tano. Cha sita na cha saba wameacha patupu, karibu wote. Mnajua nilifikiri nini? Niliwahurumia. Nilisema moyoni, hawa hawajawahi kusimama foleni ya mpakani.

Hata hivyo nikauliza. "Erasto, nijaze vyote?"

"Jaza vyote shangazi, usiogope. Ni ya mafunzo."

Kama nisingekuwa na neno la siri ningepiga mstari. Nilikuwa nalo. Nikaandika kwa herufi kubwa, zinazosomeka, kama Mzee Sinkala alivyonifundisha, afisa asije akahangaika. Ile karatasi ilikaa pale mezani siku nzima. Watu wanachukulia chai palepale, wanaegemea, wanasubiri wenzao. Saa ya kufunga nikapita, haikuwepo.

Jumapili, nywele.

Nilipotoka ukumbini niliketi kwenye ngazi nikajaribu kuingia kwenye blogu kwa simu ya mama yule wa Kilosa, mhudumu. Neno la siri si sahihi. Nikajaribu tena polepole. Si sahihi, aliyeingia kashalibadilisha. Nikamtafuta Erasto, nikamkuta anabeba viti.

"Ile karatasi iko wapi?"

"Ipi shangazi?"

"Ya usajili. Yenye maneno ya siri."

"Nilimkabidhi Jackline jana jioni."

"Na hayo mafunzo ya vitendo yalikuwa saa ngapi?"

Akaweka kiti chini. "Yaliahirishwa. Muda haukutosha."

Nikaenda kwa Jackline. Alikuwa anapiga picha na wageni. Akasema karatasi za usajili ni kazi ya Erasto, yeye hajawahi kuzishika. Akasema pole. Akasema blogu za bure hazina dhamana, ndiyo maana wanatuhimiza tulipie. Akaniuliza nakala zangu ziko wapi.

"Mliniambia hazipotei."

"Nani alikuambia?"

Nikamwonyesha Erasto kwa kidole. Erasto akasema, "Shangazi, nilisema kwa ujumla."

Kwa ujumla. Neno hilo nimelibeba mpaka leo, sijui nilitue wapi. Sikuelewa walikuwa wananidanganya au nao walikuwa hawajui. Wote wawili walikuwa na sura ya mtu asiyejua. Au hiyo ndiyo sura wanayofundishana huko.

Tunduma nilihangaika wiki nyingi. Wenye huduma ya blogu wako nchi za mbali, hawana ofisi ya kwenda kugonga. Wana fomu. Uliifungua akaunti mwezi gani? Uliingilia wapi mara ya mwisho? Neno la siri la zamani unalokumbuka? Neema alinitafsiria, nikajaza visanduku vyote. Jibu likaja kwamba maelezo hayatoshi kuthibitisha kuwa mimi ndiye mwenyewe. Nikajaza mara nne. Mara ya nne nilikaa nikijitazama kwenye kioo cha mashine iliyozimwa, nikaanza kuwa na shaka hata mimi.

Hasamba nilikwenda Jumanne ileile. Sikuweza kuahirisha. Mzee Asheri nilikuwa nimeshampigia simu aje, nikimwambia tu kuna safari ya kwa shemeji yake. Tukaketi. Mama Ezekia akaleta ndizi na chai. Salamu zilikuwa ndefu, nami nilitaka ziendelee mpaka jioni. Mzee Asheri akanitazama niseme. Nikasema.

Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Kwa hiyo yupo."

"Ameonekana, mama."

"Wapi?"

"Mji nilisoma. Umenitoka. Unaanza na Ka."

Mzee Asheri akakohoa. Miji inayoanza na Ka upande ule huwezi kuimaliza, Kasama, Kabwe, Kapiri, Kalulushi, na ukivuka tena kuna mingine.

"Na jina analoitwa sasa?"

"Nalo limenitoka."

"Namba?"

Nikatikisa kichwa.

Akasogeza kikombe chake. "Ulisoma siku gani?"

"Alhamisi."

"Alhamisi nilikuwa nyumbani hapa. Simu ilikuwa wazi, nimeiweka dirishani." Akamgeukia shemeji yake. "Asheri, ungekuwa wewe ungenipigia?"

Mzee Asheri alifikiri sana. "Nisingepiga, mke wa kaka," akasema. "Ningekuja."

"Haya," akasema Mama Ezekia. Akainuka akaenda kuangalia moto. Jumatatu iliyofuata hakuja dukani. Wala nyingine.

Nilianza kumtafuta Sunday Banda kwenye foleni ya malori. Nilipita dirisha kwa dirisha, upande wetu na upande wa Zambia, Nakonde, nina daftari mkononi. Jina la Sunday Banda mtalikuta kila mahali. Mmoja aliniambia, "Mama, mimi ni Sunday, kaka yangu ni Sunday, na bosi wetu ni Banda." Wengine walidhani natafuta mume. Wawili walinisikiliza mpaka mwisho, wakasema wataulizia. Aliyeandika yale maneno huenda alipita hapo hapo dukani kwangu, akaona pamefungwa nimekwenda kujifunza ubunifu.

Ubao wa plaiwudi niliurudisha. Karatasi ya Ezekia haina picha, ina maelezo tu: kovu nyusi ya kushoto, kinu cha kusaga. Mvua inainyeshea, naandika nyingine. Kurasa nimeacha. Mteja akija namwambia nenda kwa vijana, wanatengeneza kwa simu, na jedwali nasikia limekufa kweli.

Ninyi mnaobaki, nakala wekeni, na penye kisanduku cha neno la siri pigeni mstari hata kama mnalo. Hilo tu ndilo somo nililo nalo. Mengine yote niliyofundishwa kwenye mikutano mitano sikuyashika.

Katika waliokosa nimejitaja mwenyewe, niliandika kwa mkono wangu na nilinyamaza siku tano. Nimejibu mbele ya Mama Ezekia, nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake, na nitaendelea kujibu. Lakini nimekuwa najibu peke yangu.

Nasikia Jackline Temu bado ni mwenyekiti, na Erasto Mwakalinga bado ndiye anakaa kwenye meza ya mlangoni. Barua zangu tatu hawajajibu. Basi wewe utakayekwenda kwenye mkutano wao ujao, simama wakati wa maswali, shika kipaza sauti, waulize hivi mbele ya watu. Erasto, kisanduku cha saba ulikiweka kwa matumizi gani, ikiwa mafunzo hayakuwepo? Jackline, jioni ile ya Jumamosi karatasi ulipewa au hukupewa? Wasikujibu kwa ujumla. Pole yao nilishapewa, iko nyumbani. Nataka jina la mtu aliyeondoka na karatasi ile, na nalitaka wakati Mama Ezekia bado ana nguvu za kupanda lori kwenda kutafuta kinu.